Mbio au pole? Yasiyo kweli kuhusu mwendo wa mwandishi wa kujitegemea

Alasiri ikiingia na jua likapunguza makali, vijana wawili watatu hukaa ukutani pale ufuoni mwa mji wa Lamu, kompyuta mapajani. Mtandao hushika vizuri hapo kuliko ndani ya vichochoro vya Langoni, ambako kuta za mawe ni nene na simu hutafuta mawimbi mpaka betri iishe. Wanaandika. Mmoja anaiandikia kampuni ya viatu ya Marekani, mwingine wakala wa safari, wa tatu hasemi anamwandikia nani. Wakiniona napita na kikapu hunikaribisha: "Masalkheri, dada." Salamu zikiisha huja swali moja ambalo sasa nalijua kwa moyo. Je, waende mbio, wakusanye wateja wengi na kuingia kitandani saa nane usiku, au wachukue kazi chache na waishi?

Nimeandika kwa kujitegemea kwa miaka 11, na nimekaa pande zote mbili za swali hilo. Silidharau hata kidogo. Kinachonisikitisha ni kwamba karibu kila anayeniuliza ameshachagua nusu ya jibu kwa sababu ya jambo alilosikia ambalo si kweli. Nimeyakusanya hapa yale ninayoyasikia zaidi.

"Anayekwenda pole ni mvivu"

Hili huanzia nyumbani. Mtu anakuona umekaa barazani saa kumi, huna ofisi, huna sare, huna bosi wa kukupigia simu. Mama yangu alikuwa akiuliza kwa huruma kabisa, "Mwanangu, yeo huna kazi?" Nami nilikuwa nimeamka kabla ya adhana ya alfajiri, nimemaliza rasimu na kuituma.

Pole ya mwandishi haipimwi kwa anavyoonekana mchana. Hupimwa kwa idadi ya kazi alizokubali kuzibeba kwa wakati mmoja. Nina mwenzangu Malindi anayeandika makala nne kwa mwezi kuhusu utalii, si zaidi. Kwa makala moja atakwenda mjini mara tatu. Atazungumza na wavuvi, atarudi kwa mwongoza watalii kuhakikisha jambo moja, kisha atampigia simu mtu mzima anayekumbuka mtaa ulivyokuwa. Kila mtu huandika kwamba Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498 na kuweka nguzo. Yeye ndiye aliyejisumbua kueleza kwamba nguzo hiyo haikuanza kusimama kwenye ile rasi inayopigwa picha leo, bali ilihamishiwa hapo. Mhariri wake ameendelea kumtafuta kwa miaka sita kwa sababu ya mambo kama hayo. Sioni uvivu hapo.

Wala anayeandika pembeni ya ajira si nusu mwandishi. Shaaban Robert aliingia idara ya forodha akiwa karani mwaka 1926, na akabaki mtumishi wa serikali ya kikoloni katika idara mbalimbali kwa zaidi ya miaka 30. Kazi tunazozisoma mpaka leo aliziandika ndani ya maisha hayo, mshahara ukija kila mwezi.

Lakini nisifunike upande wa pili. Ipo pole ambayo kwa hakika ni hofu. Mtu ana rasimu saba, hakuna iliyotumwa. Kila wiki anabadilisha sentensi ya kwanza. Huyo hajachagua mwendo. Ukitaka kujitofautisha naye, hesabu kazi ulizozikabidhi mwezi uliopita. Nne ni mwendo wa pole, hata moja ni mwendo wa pole. Kama ni sifuri kwa miezi mitatu, tatizo ni jingine na linahitaji rafiki wa kukaa naye mpaka ubonyeze kitufe cha kutuma.

"Maneno mengi ndiyo pesa nyingi"

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipoumia.

Mwaka 2016 nilikuwa naandika chini ya mtu mwenye akaunti kwenye jukwaa la kazi la mtandaoni. Yeye ndiye aliyepata oda kutoka ng'ambo, akatugawia sisi. Alinilipa shilingi 300 kwa makala ya maneno 500. Nilikuwa naandika makala nane kwa siku, maneno 4,000, saa kumi nzima mezani, siku 24 za mwezi. Piga hesabu: shilingi 57,600. Kwa mji wetu hizo si haba, na nyumbani walishukuru Mungu. Sikuwa na sababu ya kulalamika mpaka siku nilipozigawanya kwa saa nilizofanya kazi, saa 240. Kila saa ilikuwa imeniletea shilingi 240. Na hapo sijaondoa makala zilizokataliwa bila malipo, wala bando, wala macho yaliyoanza kuniuma.

Hasara kubwa haikuwa pesa. Nilikuwa naandika juu ya mashine za kukata nyasi ambazo sijawahi kuzigusa, na jina langu halikuwa popote. Yule mtu alipoacha kujibu simu, akiwa na malipo yangu ya wiki tatu mkononi, niligundua kwamba baada ya mamia ya makala sikuwa na hata moja ya kumwonyesha mteja mwingine. Nilikuwa nimekimbia sana na nimebaki pale pale.

Linganisha na hesabu yangu ya baadaye. Makala moja ya maneno 1,500, kwa senti nane za dola kila neno, ni dola 120. Tuchukulie dola ni shilingi 130: shilingi 15,600. Makala nne kwa mwezi ni 62,400. Kila makala hunila saa tisa, ukijumlisha mahojiano, kusoma, rasimu na marekebisho ya mhariri. Hizo ni saa 36. Ongeza saa 24 za kutafuta wateja, kujibu barua na kuandaa ankara, jumla saa 60. Kila saa imeniletea shilingi 1,040. Mapato ya mwezi yamekaribiana, lakini saa 180 zimerudi mikononi mwangu.

Tafadhali usisome aya hiyo ukadhani nasema anza na senti nane. Hakuna atakayekupa. Mimi nilipanda kutoka senti mbili kwenda nne, kisha sita, na ilinichukua miaka mitatu. Na siikatai ile miaka ya mbio. Ilinifundisha kuketi na kumaliza kazi hata siku ambayo kichwa ni kizito. Ila haikuwa mbio hizo zilizonivusha. Zilizonivusha ni makala sita nilizoandika usiku, kwa jina langu, juu ya mambo ninayoyajua tangu utotoni: mafundi wa Matondoni wanavyotia kalafati ubavu wa jahazi, punda wanavyobeba mawe ya ujenzi hadi ghorofa inapoanza, mkate wa mofa unavyopikwa. Hizo sita ndizo nilizowatumia wahariri. Zile mamia hazikunifungulia hata mlango mmoja.

Jambo jingine ni makato ya majukwaa ya mtandaoni yanayokutanisha waandishi na wateja. Fiverr hukata asilimia 20 ya kila malipo. Upwork, tangu 2016, ilikuwa ikikata asilimia 20 ya dola 500 za kwanza kwa kila mteja, kisha asilimia 10 mpaka dola 10,000, na asilimia 5 juu ya hapo. Maana yake, mwenye wateja wadogo thelathini alikuwa akikatwa zaidi kuliko mwenye wateja watatu wa kudumu, hata kama jumla yao ni sawa. Mwaka 2023 ngazi hizo zikafutwa, ikawa asilimia 10 kwa wote, na baadaye viwango vikabadilishwa tena. Waliojenga mwendo wao mzima juu ya kanuni za jukwaa waliamka kanuni si zile. Kila mwaka mteja mmoja zaidi awe ni wako mwenyewe, anayekujua kwa jina na kukuandikia moja kwa moja.

Kisha ikaja ChatGPT mwishoni mwa Novemba 2022. Katika watu ninaowajua, kazi za shilingi 300 ndizo zilizotangulia kukauka, na zilikauka ndani ya miezi. Mashine hutoa maneno 4,000 kabla hujamimina chai. Anayeendelea kupata kazi ni yule anayekwenda kuuliza watu, akarudi na jambo ambalo halijaandikwa popote. Kazi hiyo haiendi kwa mbio za vidole.

"Kuandikia wanafunzi insha ni njia ya kupanda haraka"

Hapana. Uingereza ilipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria mwaka 2022, lakini hata kama isingepiga, kazi yenyewe ni kumsaidia mtu kudanganya mwalimu wake. Ukiiweka pembeni haki, bado kuna hasara ya ufundi: insha uliyomwandikia mtu huwezi kuionyesha kwa yeyote, milele. Mwaka wa tano uko palepale ulipokuwa mwaka wa kwanza. Yule kijana asiyesema anamwandikia nani, nampenda na namwombea atoke.

"Kujitegemea ni kufanya kazi unapotaka"

Wanaochagua pole huiamini hii zaidi ya wengine, na ndiyo huwaangusha.

Saa yetu iko saa tatu mbele ya ile ya Greenwich. Mhariri wa London akifungua ofisi yake asubuhi, kwetu ni saa tano wakati wa kiangazi chao na saa sita mchana wakati wa baridi yao. Wa New York akianza kazi, kwetu ni saa kumi alasiri au saa kumi na moja jioni. Akifunga kazi, kwetu ni saa sita au saa saba usiku. Kwa hiyo mwenye wateja wa Marekani ameshakubali, apende asipende, kwamba maswali yatamfika wakati wenzake wanatoka barazani. Ukichukua wateja watano wa huko kwa pamoja, magharibi na isha zako zimekwenda. Ukichukua mmoja, na mkakubaliana kwamba majibu yako humfika asubuhi yake inayofuata, umebaki na jioni yako. Mimi sasa wengi wa wateja wangu wako Ulaya kwa sababu hiyo tu.

Nikiwa hapo hapo, jambo dogo lililomgharimu mwenzetu mmoja mteja mzuri. Mteja alitaka kazi ifike saa 9 asubuhi kwa saa ya Nairobi, naye akaandika kwenye daftari lake "saa tisa". Akaituma saa tisa alasiri, roho yake ikiwa imetulia. Alikuwa amechelewa saa sita. Andika makataa yako kwa namna moja tu, kila mara, na uweke kengele ya simu siku hiyo hiyo unayoipokea oda.

Uhuru wa kweli uko kwenye kalenda, na huo ni mkubwa kuliko ule wa saa. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo naweza kujua miaka mitano mapema itaangukia wapi. Mwezi huo napunguza kazi nusu, na naandika baada ya daku mpaka jua lipande, maana ndipo kichwa kinapokuwa chepesi. Wiki ya mwisho ya mfungo sita, Maulidi ya Riyadha yakiujaza mji wageni na kila nyumba ikalaza watu hadi darini, sipokei kazi yenye makataa. Nawaambia wateja miezi miwili kabla, na sijawahi kumpoteza hata mmoja kwa hilo. Wao nao wana misimu yao. Agosti wahariri wengi wa Ulaya wako likizo, na baada ya tarehe 20 Desemba barua hazijibiwi. Anayekwenda pole bila kuyajua haya hujikuta na miezi miwili mitupu aliyodhani ni bahati mbaya.

"Mwenye nia kubwa lazima ahamie Nairobi"

Nairobi ina faida, nami nikienda huko huwa narudi na mawazo na namba za wahariri. Kukutana na mtu ana kwa ana kunasaidia, sitakuambia vinginevyo. Lakini lazima? Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Juni 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe hapa kwetu. Tarehe 20 Mei 2021 gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa. Kila moja ya habari hizo wahariri wa mbali walitafuta mtu aliye hapa, anayejua mvuvi wa kumuuliza na anayemuuliza kwa Kiamu chake. Wengi walishindwa kumpata wakatuma mtu kutoka mbali. Nafasi hizo zilikuwa zetu.

Unachohitaji ni laini mbili za mitandao tofauti, betri ya akiba iliyojaa, na kazi kutumwa siku moja kabla. Umeme ukikatika Lamu, mteja hapaswi kujua.

"Ukikataa kazi moja, mteja hatarudi"

Asiyerudi baada ya kukataliwa vizuri alikuwa ataondoka tu. Wanaoondoka kwa hakika ni wale uliowakubalia kisha ukawachelewesha.

Kukataa kuna adabu yake. Sisemi "nina shughuli nyingi". Nasema: "Asante kwa kunikumbuka. Nimejaa mpaka tarehe 14. Naweza kuianza tarehe 15 na kuikabidhi tarehe 22. Kama ni ya haraka, yupo mwenzangu ninayemwamini, naweza kukuunganisha naye." Mara nyingi husubiri. Mara nyingine humchukua mwenzangu, na mwenzangu hunikumbuka yeye akijaa. Pale Malindi na hapa Lamu tuko watano tunaopeana kazi hivyo, na hakuna kilichonipa utulivu wa moyo kuliko hilo. Mwandishi aliye peke yake hukubali kila kitu kwa woga.

"Ukienda pole, mambo ya kodi, mikataba na akiba si yako"

Haraka haraka, maana si jambo la kubishania. Ukiwa na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ripoti ya mwaka inapaswa kuingia kabla ya 30 Juni kupita, hata kama hukupata kitu. Ukichelewa faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, ile iliyo kubwa. Kampuni ya Kenya ikikulipa ada ya kitaalamu inayofika shilingi 24,000 kwa mwezi hukata asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa niaba yako. Dai cheti chake, kwa sababu hiyo ni kodi uliyokwisha kulipa. Bima ya afya ya SHA ilianza Oktoba 2024, na mchango wake hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Huna mwajiri wa kukukumbusha.

Na mkataba: hata barua pepe ya mistari mitano inatosha. Kazi gani, maneno mangapi, malipo kiasi gani, lini, marekebisho mara ngapi. Mteja mgeni hutoa nusu kabla. Anayekwenda mbio akipoteza malipo ya kazi moja kati ya ishirini atalalamika na kuendelea. Anayekwenda pole, kazi moja ni robo ya mwezi wake. Kwa hiyo mwenye kazi chache ndiye anayehitaji mkataba zaidi, na ndiye anayehitaji akiba ya miezi mitatu kabla hajathubutu kujiita huru.

"Mwendo ukiuchagua, umeuchagua"

Hii ndiyo inayowatesa vijana kuliko zote. Wanadhani wanaulizwa wao ni watu wa aina gani: wa mbio au wa pole, wa kupanda au wa kutulia. Wanaogopa kujibu vibaya wakafungwa.

Ami yangu alikuwa nahodha. Kaskazi ilipovuma, Desemba mpaka Machi, alikuwa anaondoka na mzigo na hatukumwona kwa wiki. Kusi ikianza, kuanzia Aprili, bahari inachafuka, alipunguza safari. Katikati, wakati wa maleleji, upepo haujaamua, jahazi lilivutwa pwani, likasuguliwa, likatiwa kalafati upya. Hakuna aliyemwita mvivu mwezi wa Mei wala mwenye tamaa mwezi wa Januari. Na sikumbuki hata mara moja akikunja tanga kwa sababu amechoka. Alikunja kwa sababu ya kile alichokiona mbele.

Mwaka 2018 niliamua kwenda mbio kwa miezi 14. Mdogo wangu alikuwa ameingia chuo, na Januari karo hazingoji. Nilichukua wateja saba, nikalala kidogo, nikaacha harusi mbili zinipite. Nilivumilia kwa sababu moja: tarehe ya mwisho niliiandika ukutani kwa kalamu nyekundu, na ilipofika niliwaaga wateja wanne kati ya wale saba kwa barua nzuri. Nisingeiweka tarehe ile, ningekuwa bado nakimbia, maana pesa zikija mtu huzizoea na matumizi hukua kimya kimya mpaka kasi inakuwa deni. Mwaka 2021 mama aliugua. Nikabaki na mteja mmoja, na akiba ya zile mbio ndiyo iliyotulisha. Sikujiona nimeshuka, nilikuwa pale nilipotakiwa kuwa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mbio au pole, nataka mtu ajue namba yake. Kodi ya nyumba au sehemu unayochangia nyumbani, chakula, umeme, bando, SHA, anayekutegemea, kisha sehemu ya kumi juu yake iwe akiba. Hiyo ndiyo ya chini, na chini yake hakuna pole, kuna dhiki. Ukishaipita, kila kazi ya ziada iwe na jina la kile inachokinunua: karo, kompyuta, mahari, au miezi mitatu ya kuandika kitu chako mwenyewe. Kazi ya ziada isiyo na jina naikataa.

Huwa nasikia pia kwamba anayeandika machache atasahaulika. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, beti 102, hapa hapa pwani yetu. Hakuwa na orodha ndefu ya vitabu. Bibi yangu alikuwa anajua beti zake nyingi bila kutazama karatasi, na alijifunza kwa mama yake.

Wiki iliyopita mmoja wa wale vijana wa ukutani alinifuata mpaka mlangoni na daftari. Tulikaa barazani tukaandika matumizi yake yote, hata ya tambuu za bibi yake. Namba yake ikatoka shilingi 23,500. Aliitazama kwa muda, kwa sababu alikuwa akijiua kutafuta 80,000 ambazo hakujua ni za nini. Ameamua miezi sita ya mbio, mpaka anunue kompyuta yake na kumrudishia mwenzake hii aliyoazimwa. Na kila wiki, asubuhi mbili ni za makala ya jina lake. Aliniuliza aanze na nini. Baba yake ni mvuvi wa kamba Kizingitini, na hajawahi kuandika hata mstari mmoja juu ya kazi hiyo. Tunakwenda huko pamoja Jumamosi, maji yakijaa kwenye mkondo wa Mkanda, mashua ipite.